Mtumiaji Mmoja Aliondolewa

9 Februari

Mwanangu Bibi Kimya,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana nakujua: utasema shikamoo halafu maneno yatakuishia. Hujambo? Kelele hajambo? Mwambie huyo mdogo wako kwamba redio aliyoifungua mwezi uliopita nilisikia habari zake, na mimi nilipokuwa na umri wake nilifungua mbili, ila mimi niliweza kuzifunga tena.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku imenifundisha kulala na soksi. Jirani yangu wa mlango wa pili anaamini nafanya usafi pale maabara, basi kila asubuhi ananihimiza nikaze mwendo nisije nikafukuzwa. Sijamsahihisha. Nikimwambia mimi ni mtafiti itabidi nimweleze natafiti nini, na jambo hilo hata mama yako nimeshindwa kumweleza.

Usishangae barua kufikia shuleni kwako. Simu yenu ni moja na mama yako huiweka sauti juu, nyumba nzima isikie. Nikimuuliza mguu unaendeleaje ananijibu, "Mguu wako unacheza mpira, Profesa." Anacheka, mimi nacheka, simu inakatika, na sijajua lolote.

Nataka uwe sikio langu. Kile kikombe cha mguu wa bandia, kinachoshika kigutu cha mama yako, nilikiunda kwa nyuzi za mimea na gundi, tabaka juu ya tabaka. Kitu cha tabaka kina tabia mbaya: kikiumia hakionyeshi. Juu kinabaki laini kama sahani mpya, kumbe ndani tabaka zimeachana. Ndiyo maana tunakigonga. Chukua sarafu, ugonge kikombe taratibu kuanzia juu mpaka chini, usikilize. Palipo pazima pataitika kwa sauti kavu, kama unagonga meza. Palipoachana patakuwa pazito, kama unagonga mkate. Ukishagonga, niandikie ulichosikia.

Mwezi wa Juni kuna kongamano. Watu wanaopima na kukokotoa vifaa vya namna hii wanakutana kutoka kila upande, na safari hii nimepewa nafasi ya kusimama mbele. Modeli yangu ya kompyuta inasema kikombe kitadumu miaka mitano. Wapo watu wachache wanaovaa vikombe vyangu, na mama yako ni mmoja wao. Mkataba wangu hapa chuoni unaisha mwaka huu. Nikisikika Juni, nitabaki. Nisiposikika, jirani yangu atakuwa amenihimiza bure.

Mama yako aliniambia siku hizi pale kazini kwake, kwenye kiwanda cha kufulia, anakaa mezani, anapokea nguo na kuandika. Nilifurahi sana. Ni kweli?

Wako,
Mama mdogo

28 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Umeona, nimeanza nayo.

Hatujambo. Kelele amepandishwa darasa, na redio imebaki vipande kwenye boksi la viatu. Mama anakusalimu. Mimi nasoma. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili na zote mbili naziongea kwa sauti ya chini. Mwalimu alinisimamisha kusoma mbele ya darasa, nikasoma mpaka mwisho, halafu akaniuliza nitaanza lini. Watu wamecheka wiki nzima. Kwenye karatasi siko hivyo. Kwenye karatasi hakuna mtu anayeniangalia mdomo.

Nimegonga. Mama alikuwa amekaa kitandani, ameuvua mguu, akausimamisha kwenye mto kama mgeni. Nilipogonga mara ya kwanza akaitika kwa sauti nzito, "Karibu, ingia, mlango uko wazi." Kelele akaanguka kwa kicheko. Nikamwambia, "Mama, nyamaza, nasikiliza."

"Wewe ndiye wa kuniambia mimi ninyamaze? Leo jua limetoka wapi?"

Lakini akanyamaza. Nikagonga kote. Sauti ni kavu, kama ulivyosema, kama meza. Nyuma karibu na goti ni nyembamba zaidi, ila nayo ni kavu. Mama akauliza, "Haya daktari, mgonjwa atapona?" Nikamwambia mgonjwa ni mzima. Akasema nikuandikie kwamba mguu wako unakusalimu na unauliza utakuja lini kuuona.

Kuhusu kazi, mama yuko salama na kazini wanampenda.

Bibi Kimya

22 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako kwenye kantini nikacheka peke yangu mpaka watu wakahamisha trei zao. Nashukuru. Kumbe ndani ya hicho kimya umeficha mtu mzima.

Mimi sijambo, ila sijalala vizuri. Tunavunja sampuli kila siku. Unachukua kipande cha malighafi ya kikombe, kirefu kama rula, mashine inakibana kwa taya mbili, moja juu na moja chini, halafu inavuta. Inavuta mpaka kikatike. Kabla hakijakatika kinaanza kulia ndani, tik, tik, nyuzi zinakwenda moja moja. Chumba ni kikavu na cha baridi mwaka mzima, kuna kifaa ukutani cha kuhakikisha hivyo. Wanafunzi wangu wanavaa makoti.

Ipo kanuni moja ambayo watu wa nje huiona ya ajabu. Kipande kikikatikia katikati, tunaandika. Kikikatikia pale kilipobanwa, hatuandiki, tunakitupa, kwa sababu kimeumizwa na taya, hakikushindwa chenyewe. Ni kanuni ya haki. Usipoifuata, utaisingizia malighafi udhaifu usio wake. Wiki hii tumetupa vingi, ndiyo maana nimechoka.

Nimeshatuma mada yangu. Waandaaji wameichapa kwenye ratiba, siku ya pili, asubuhi, saa ambayo watu bado wako macho. Nimeitazama karatasi hiyo mara nyingi kuliko ninavyojitazama kwenye kioo.

Sasa, wewe ni mtoto wa dada yangu, na dada yangu namjua tangu ananipigia pasi sare ya shule huku ameshika kitabu changu akinisikiliza nikikariri. Akiwa na jambo la kuficha, hukwambia kwamba watu wanampenda. Umeniandikia kwamba kazini wanampenda. Nilikuuliza anakaa mezani au hakai.

Wako,
Mama mdogo

16 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Kelele alikuwa na kikohozi, kimepita. Mvua imetoboa paa juu ya jiko, tumeweka ndoo, tumeshaizoea.

Barua hii nimeichana na kuianza upya mara kadhaa. Mama hajui kwamba naiandika. Akijua, nadhani hatanipiga, atanyamaza tu, na mama akinyamaza mimi sijui pa kwenda.

Sauti imebadilika. Upande wa nje, chini ya goti, pana mahali pa ukubwa wa kiganja pameacha kuitika. Nilidhani nimekosea, nikagonga meza, nikagonga kikombe, nikagonga meza. Mama akasema, "Unatafuta nini hapo?" Nikasema hakuna kitu. Ni uongo wangu wa kwanza ambao ameukubali haraka hivyo, ndiyo maana nilijua na yeye amesikia.

Hakai mezani, mama mdogo. Alikaa wiki chache, halafu ile nafasi akapewa binti wa kaka yake msimamizi, kwa sababu ana mwandiko mzuri, wamesema. Mama amerudishwa ndani, kwenye mashine kubwa ya kupiga pasi mashuka ya hospitali. Nilikwenda kumpelekea miwani yake nikamwona. Wanasimama wawili wawili, wanaingiza shuka huku, linatoka kule limenyooka. Mvuke umejaa mpaka hujui nani ni nani, unaona mikono tu. Sakafu ina maji muda wote, maana zile mashine za kufulia zinavuja na hakuna anayezitengeneza. Mama alikuwa amefunga mfuko wa plastiki kwenye mguu, juu na chini kwa mpira. Aliponiona akauliza kwa ukali, "Nani amekuruhusu kuingia humu?" Halafu akavaa miwani na kuniangalia vizuri, akasema, "Mbona umekonda?"

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Ya kule hayafiki kwa Profesa."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu karatasi niliyotia sahihi nilipopewa mguu inasema kazi nyepesi, mahali pakavu. Akijua, atautaka mguu wake amvalishe mwingine. Mimi nirudi kwenye magongo. Na pale hawaweki mtu wa magongo, hata wa kukunja taulo."

"Mama mdogo hawezi kukuvua mguu."

"Yeye hawezi. Wakubwa zake wanaweza. Na akiwakatalia, watamvua yeye kazi. Sasa unataka nani avuliwe?"

Tangu baba afe mama ndiye anayejibu maswali yote, mimi sina mazoezi.

Nakuuliza wewe, maana ndiye unayejua. Hiyo sauti ya mkate inamaanisha nini? Kitavunjika? Aache kuvaa? Usinijibu kwa barua kama ni jambo la haraka. Piga simu shuleni, katibu wa mwalimu mkuu ni mpole, ataniita. Nitajikaza nizungumze. Na tafadhali usimwambie mama kwamba ni mimi.

Bibi Kimya

13 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Wote wazima.

Umeipata barua yangu ya Aprili? Ilikuwa ya bahasha ya kaki.

Pamekua. Sasa ni viganja viwili na panakwenda nyuma. Nilipogonga mama aliushika mkono wangu, akasema, "Inatosha, usiamshe vitu." Katibu wa mwalimu mkuu anasema hakuna aliyepiga. Nimemuuliza mara nyingi, na kwangu mimi kumuuliza mtu jambo mara ya pili ni safari. Sasa akiniona kwenye korido anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Najibu maswali yako yote. Naomba na wewe ujibu moja.

Bibi Kimya

8 Juni

Mwanangu kipenzi,

Nakuandikia kwenye karatasi ya hoteli, ona ilivyo nzito! Mko salama? Paa limezibwa? Mbusu Kelele kwa nguvu, hata akikataa.

Nimemaliza. Nilisimama mbele ya ukumbi wenye viti vya kujikunja, taa zikazimwa, nikabaki mimi na mchoro wa mguu wa mama yako ukutani, mkubwa kuliko mlango, umepakwa rangi na kompyuta, bluu mahali pasipoelemewa, nyekundu mahali panapoelemewa. Nilikukumbuka wewe na mwalimu wako. Nikajiambia, nitaanza lini? Nikaanza.

Watu wa kongamano wana mambo yao. Kila mmoja ana jina kifuani, na wakikutana husoma kifua kwanza halafu uso. Kwenye chai wanazungumzia nyufa kwa upendo, kama wengine wanavyozungumzia wajukuu. Mtu mmoja alinionyesha picha ya bawa la eropleni lililopasuka, ameiweka kwenye pochi. Baada ya mada yangu aliinuka mzee wa mstari wa mbele, wote wanamwogopa, akauliza, "Na kwenye joto na unyevu?" Nikamjibu kwamba hali hiyo iko nje ya mipaka ya modeli. Akatikisa kichwa, akaandika kitu, akaketi. Wenzangu wanasema yeye akitikisa kichwa hivyo amekubali. Jioni mkuu wa idara yangu alinishika bega mbele ya watu. Nadhani nitabaki. Sijalitamka kwa sauti bado, nalitamka kwako.

Nilipoondoka barua zako mpya zilikuwa hazijafika, huenda zinanisubiri. Nikirudi nitazisoma kwa utulivu na kukujibu kila kitu.

Mwambie mama yako apumzike kidogo mwezi huu. Mguu si chuma. Asisimame muda mrefu kwenye ile sakafu yenye maji.

Akupendaye,
Mama mdogo

3 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo.

Kelele hajambo. Paa bado linavuja. Mama yuko hospitali, ileile anayoipigia pasi mashuka. Anasema sasa analala kwenye kazi ya mikono yake, na kwamba pembe za shuka lake hazikunyooka, lazima ni zamu ya jioni.

Alianguka katikati ya Juni. Mwenzake wa mashine, mama mmoja mnene wanayemwita Jenerali, ndiye aliyekuja nyumbani kutueleza. Alisema mama aligeuka kuchukua shuka kwenye toroli, wakasikia kitu kama tawi, na mguu ukakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Mama akatafuta pa kujishika. Palipokuwa karibu ni mashine. Jenerali alizima umeme, lakini ile sahani ya moto ya pasi haipoi kwa kuzimwa. Alipofika hapo aliacha kueleza, akaniuliza kama tuna unga.

Kiganja cha kulia kimeungua chote, na vidole. Wanasema atakunja viwili. Magongo hawezi kuyashika kwa mkono mmoja, kwa hiyo sasa hana mguu wala magongo. Msimamizi alikuja kumwona, akaleta sabuni na barua ya kumwachisha kazi. Sabuni tumeitumia.

Sijui kusema mambo makali. Nikiwa na hasira natafuta pa kukaa. Basi nimekaa, na nimeisoma barua yako ya hotelini mpaka karatasi yake nzito imekuwa laini. Unasema barua zangu zilikuwa hazijafika. Mama kwenye simu amekwambia anakaa mezani, mpaka siku aliyoanguka alikuwa anakwambia hivyo. Hakuna mtu aliyewahi kukuandikia habari za sakafu yenye maji isipokuwa mimi, mwezi wa Aprili, kwenye bahasha ya kaki.

Kwa hiyo ulipokuwa umesimama mbele ya ukumbi, na mzee yule akauliza kuhusu joto na unyevu, ulikuwa unajua nani anasimama kwenye joto na unyevu.

Sikuandika ili nikushitaki. Nilikuuliza swali moja. Ungeniambia tu, "Mvue."

Bibi Kimya

24 Julai

Mwanangu,

Nimezungumza na mama yako kwa simu, na daktari pia. Nimelia mpaka jirani amegonga ukuta. Pole, mwanangu. Poleni wote.

Sitakudanganya, wewe umeshakua. Barua yako ya Aprili ilifika Mei, kabla ya safari. Niliisoma nimesimama, nikaiweka kwenye droo ya ofisini nikijiambia nitaijibu jioni. Kila jioni nilijiambia hivyo. Ile ya pili sikuifungua.

Ungejua ilivyokuwa! Mada ilishachapwa kwenye ratiba. Kumtoa mtu mmoja dakika ya mwisho ni kueleza kwa nini, na kueleza ni kukiri kwamba dada yangu mwenyewe alinidanganya kuhusu kazi yake, na mimi nikaandika uongo wake kama takwimu. Wangesema nilichagua ndugu zangu badala ya wagonjwa. Wangefunga mradi, na wote waliobaki wangebaki bila vikombe. Niliwafikiria na hao. Nilidhani kikombe kitavuka Juni. Modeli ilionyesha kingevuka hata kikiwa kimeumia, kwenye ukavu. Mama yako alitia sahihi, mwanangu, kazi nyepesi, mahali pakavu. Simlaumu. Nasema tu kwamba alitia sahihi.

Baada ya kongamano nilipewa nafasi ya kurekebisha kabla mada haijatoka kitabuni. Nimerekebisha. Nadhani nimefanya lililo sahihi kisayansi.

Mama yako ameniomba hicho kitabu. Nilimwambia kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma, akasema, "Ninaye wa kunitafsiria, na kwenye karatasi haoni haya." Nimekituma na barua hii. Mada yangu iko katikati, nimeweka utepe. Msomee. Wewe una busara, utajua lipi la kusoma na lipi la kuruka.

Kikombe kipya kitakuja awamu ya pili ya mradi ikipitishwa. Lakini naomba kitu kimoja, na usikichukulie vibaya: kile kilichopasuka msikitupe. Kifungeni kwenye gazeti kavu mkitume. Ni cha thamani kubwa kwetu. Hakuna aliyewahi kuona kilivyoumia kwa mvuke wa kweli.

Akupendaye,
Mama mdogo

20 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Mama amerudi nyumbani. Kelele amemtengenezea kengele kwa kutumia ile redio, akiibonyeza inalia chumbani kwetu, na anaibonyeza hata asipotaka kitu, amtie Kelele adabu. Jenerali huja Jumapili kumsuka nywele. Paa limezibwa na Jenerali pia.

Kitabu kimefika. Nilikisoma kwanza peke yangu, uani. Mambo mengi sikuyaelewa, ila sehemu moja niliielewa vizuri mno, maana iliandikwa kwa maneno mepesi. "Mtumiaji mmoja aliondolewa kwenye hesabu kwa kukiuka masharti ya matumizi." Halafu alama ya nyota, halafu jedwali, na kwenye jedwali vikombe vyote vilivyobaki ni vizima. Nikakumbuka taya ulizonielezea. Kikikatikia pale kilipobanwa, hatuandiki, tunakitupa.

Nilitafuta ukurasa wa shukrani. Umemshukuru mkuu wa idara, fundi wa mashine, na waliokulipia hoteli.

Jioni mama akaniita. Alikuwa ameketi mezani, mkono uliofungwa ameulaza juu ya mto. Alitaka kuona picha kwanza. Nikamwonyesha ule mguu wa rangi, akauangalia sana.

"Huu ndio wangu?"

"Ndio wako."

"Mbona mzuri hivi. Kumbe mimi nilikuwa natembelea zulia." Kisha akasema, "Haya, soma. Mimi niko wapi humo?"

Mama mdogo, ulisema nitajua lipi la kuruka. Nikiruka hiyo, mama hayumo kabisa. Nikiisoma, yumo kama takataka. Basi nikatunga. Mimi, ambaye darasani siwezi kuomba ruhusa ya kwenda chooni, nilisimama nikashika kitabu juu, nikasoma kwa sauti mambo ambayo hayakuandikwa. Nilisema mwishoni kuna shukrani, na ya kwanza ni yake. Sauti haikukatika hata mara moja. Kelele alinyamaza. Mama alitazama meza, na mkono wake mzima ukawa unalainisha kitambaa ambacho kilikuwa kimenyooka.

Akasema, "Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Yakatoka mazuri, lakini hayakutoka yaleyale. Neno moja lilikwenda mbele, jingine nikalisahau. Nikaona uso wake unavyosikiliza, kama mimi nilivyokuwa nikisikiliza na sarafu, nikajua amefika mahali ambapo hapaitiki.

Hakunigombeza. Akauliza taratibu, "Hujachoka?"

"Sijachoka, mama."

"Funga kitabu basi." Nikafunga. Akasema, "Mwandikie Profesa. Mwambie kikombe chake hakitumwi. Kiko juu ya kabati, kimefungwa kwenye gazeti kavu kama anavyotaka. Aje akichukue mwenyewe, nitampa kwa mkono huu." Akauinua ule uliofungwa. "Na zile shukrani mwandikie pia. Zile za mara ya kwanza, zilikuwa nzuri zaidi. Asije akanipigia simu nikamshukuru kwa kunishukuru, akashindwa la kusema."

Kwa hiyo nakuandikia, uzisome, uzishike kichwani kama ulivyokuwa ukikariri wakati anakupigia pasi. Na mimi kugonga nimeacha, usinitumie tena kazi ya sikio. Zilikuwa hivi:

"Shukrani zangu za kwanza ni kwa dada yangu mkubwa, aliyezichukua hesabu zangu akatembea nazo mahali ambapo mimi sikuthubutu kuzipeleka. Yote ninayoyajua kuhusu kifaa hiki, yeye aliyajua kabla yangu, akiwa amesimama."

Bibi Kimya